Wa Mwisho

Farasi mia moja sitini na watatu
walikuwa wamekwisha kufika, wamefutwa jasho, wamenyweshwa,
na watano wa mbele wamemwagiwa maziwa viunoni,
ndipo tukatokea sisi, mimi na Kijivu,
tukiikata nyika ya Gobi
kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuteka maji.

Nilikuwa na miaka minane.
Namba mgongoni ilining'inia kwa pini moja.
Vumbi la wenzetu lilikwishatua zamani,
kwa hiyo niliona vizuri kila uso ulionitazama,
na uso wa baba, Dorligjav, uliotazama viatu.

Kwetu, katika mbio za farasi wa miaka miwili,
wa mwisho naye huitwa mbele ya watu, asifiwe.
Desturi hiyo niliijua.
Sikudhani ilikuwa inanijua.

Msifu wa farasi mwaka ule alikuwa Gombosuren,
muuza petroli wa barabara ya kusini,
mtu wa kikohozi, mikono inanuka dizeli.
Mshindi alikuwa amekwisha kumsifu kwa sauti ya radi:
mbawa, umeme, mshale,
vitu ambavyo farasi yule hakuwa navyo.
Sasa akashika hatamu ya Kijivu, akanyamaza.
Mtu mmoja akacheka.
Nikawaza: huyu atadanganya nini?

Hakudanganya. Alimzunguka mnyama taratibu,
kama mnunuzi asiye na pesa wala haraka,
akaanza kusema alichokiona.

"Sikio la kushoto lina doa jeusi,
kama kidole cha mpishi.
Kwato nne, zote nzima;
njia ina mashimo ya panya, ameyaona yote.
Jasho lake ni la haki, halikukaukia njiani.
Na mtoto aliyempanda bado yuko juu yake.
Wangapi leo wamefika bila mtoto?"

Hapo watu wakatulia,
maana walikuwapo wawili.

Siku hizi nafundisha watoto kusoma,
na neno hili kila mwaka hunikwama kooni: sifa.
Sifa ya maji ni kulowesha.
Sifa ya chumvi ni kukoleza.
Hapo hakuna apigaye makofi,
ni kitu tu, kimetajwa kilivyo.
Basi ni lini tuliligeuza marashi?
Wapo wapenda sifa, shingo wazi, wakingoja kunyunyiziwa,
na wapo wenye chupa mfukoni,
wanaomnyunyizia yeyote aliye karibu na mlango.

Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Sisi hatuna minazi.
Tulikuwa na shangazi Tsendmaa
na maziwa yake ya farasi, machachu, yenye povu.
Miaka thelathini alisifiwa, hakutia hata tone.
Pengine ni kwa sababu mumewe hakuwahi kusema, "Matamu."
Alikunywa, akapangusa sharubu, akasema,
"Leo umesuka mpaka bega likauma."
Naye alikuwa amesuka mpaka bega likauma.

Jioni ile baba hakunena kitu.
Alimvua Kijivu tandiko,
akalishika sikio la kushoto, akaligeuzia kwenye mwanga,
akaweka kidole gumba juu ya doa.
"Kumbe lipo," akasema.
Miaka miwili alimfuga, hakuwa ameliona.

Desturi huahidi kwamba wa mwisho wa leo
mwakani atawatangulia maelfu.
Kijivu hakupata mwakani.
Barafu iliyafungia majani chini kama kioo,
na kundi likafa mmoja mmoja, magoti chini,
vichwa vimeelekea mlango wetu.

Picha yake hatukupiga.
Wanangu wakiniuliza alikuwaje,
sina mbawa za kuwapa, wala umeme.
Nawapa ya muuza petroli, neno kwa neno,
na pale pa kukohoa nakohoa:
sikio la kushoto, doa jeusi,
kwato nne, zote nzima.